Mswada wangu umekaa miezi saba kwa mchapishaji. Nifanye nini?

"Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe. Nimeandika riwaya ya Kiswahili, kurasa 412, kuhusu ukoo wa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Sura za mwanzo niliziweka kwenye kundi la WhatsApp na watu walizipenda mno. Kisha nikautuma mswada wote kwa barua pepe kwa mchapishaji mmoja, nikaandika: 'Naomba mnisomee riwaya yangu inayozungumzia mapenzi, usaliti, tamaa ya mali na umuhimu wa umoja wa familia.' Miezi saba sasa, kimya. Rafiki yangu anasema bila wakala wa fasihi wa London sifiki popote. Mwingine amenipeleka kwa mtu anayetaka shilingi milioni 1.8 ili 'anichapishie'. Mume wangu naye anahofia hadithi imeshaibwa. Mswada unaandaliwaje hadi mhariri ausome? Na je, naruhusiwa kutumia jina la kalamu?"

Marahaba, Mwalimu, na pole kwa kungoja. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma miswada ya riwaya inayotumwa na watu kama wewe, kwa hiyo kimya hicho nakijua kutoka upande wa ndani. Barua yako ina hofu nne: kutojibiwa, wakala wa London, mtu wa milioni 1.8, na wizi. Zote nitazijibu. Lakini kilichonishtua zaidi ni kitu ambacho hukukiuliza, yaani ile sentensi moja uliyoambatanisha na mswada. Nadhani ugonjwa uko pale, na unatibika kwa wiki mbili tatu za kazi.

Tuanze na wakala, maana hilo ni jepesi. Wakala wa fasihi humwakilisha mwandishi mbele ya wachapishaji. Husoma mswada, huupeleka kwa wahariri anaowafahamu, hujadili mkataba, na katika fedha inayomwingia mwandishi hukata fungu lake: kwa kawaida asilimia 15 kwa mauzo ya nchini kwao na asilimia 20 kwa mauzo ya nje na haki za tafsiri. Uingereza na Marekani kazi hii imekomaa kwa sababu nyumba kubwa za uchapishaji kule, kwa sehemu kubwa, hazipokei riwaya moja kwa moja kutoka kwa waandishi. Kwetu mambo hayaendi hivyo. Mwandishi wa riwaya ya Kiswahili, awe Tanga au Mombasa, humwandikia mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi yeye mwenyewe. Wakala asiyesoma Kiswahili hawezi kuinadi riwaya asiyoielewa kwa mhariri ambaye naye haielewi. Siku utakapokuwa na tafsiri nzuri ya Kiingereza, hata ya sura tatu tu, ndipo tutazungumza habari za London. Na hata siku hiyo ujue kwamba wakala wa kweli hadai ada ya kusoma mswada. Anakula pale wewe ulipokula.

Sasa kimya. Waandishi wengi huona picha ya mhariri mwenye rundo la riwaya mezani, anachukua moja, anaisoma, anaamua ndiyo au hapana. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Nyumba nyingi za uchapishaji Afrika Mashariki huishi kwa vitabu vya shule. Nchini Kenya macho yako kwa KICD, taasisi inayopitisha vitabu vya kufundishia na riwaya teule za sekondari. Tanzania yako kwa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala ukibadilika, ofisi nzima hugeukia vitabu vya kiada, na riwaya zinangoja. Mhariri wa fasihi mara nyingi ndiye huyo huyo anayehariri kitabu cha darasa la nne, na mswada wako ataufungua saa kumi na moja jioni akiwa amechoka. Atasoma barua, atasoma kurasa chache, ataamua kama aendelee kesho.

Tuseme ameendelea na ameipenda. Hapo hajaamua kitu bado. Mswada utapelekwa kwa msomaji wa nje, aghalabu mwalimu wa fasihi au mwandishi mzoefu, aandike ripoti. Kisha kuna kikao. Humo yumo mtu wa mauzo, ambaye atauliza kitabu kitanunuliwa na nani, na yumo mtu wa fedha, ambaye ameshapiga hesabu ya karatasi. Hawa wawili hawajasoma riwaya yako na hawataisoma. Watamsikiliza mhariri kwa dakika tano. Akikosa maneno ya kuieleza, riwaya inaanguka hata kama ni nzuri.

Mwalimu, hili ndilo naomba ulishike, kwa sababu maandalizi mengine yote yanatoka hapa. Unamwandikia mtu atakayekwenda kukusemea. Kila karatasi unayotuma impe maneno ya kusema. Mtu uliyemwambia kwamba riwaya inazungumzia "mapenzi, usaliti, tamaa ya mali na umuhimu wa umoja wa familia" hukumpa hata neno moja, maana sentensi hiyo ingeweza kubandikwa kwenye nusu ya riwaya zilizowahi kuandikwa kwa Kiswahili.

Najua ilikotoka. Sisi sote tumefundishwa fasihi kwa kujibu mtihani: taja dhamira, eleza ujumbe, fafanua migogoro, tathmini nafasi ya mwanamke. Tunapoambiwa tufupishe riwaya yetu wenyewe, mkono unakimbilia huko huko. Tunaandika majibu ya Kidato cha Nne kuhusu kitabu ambacho hakuna mtu aliyekisoma. Dhamira huonekana baada ya kusoma. Kabla ya kusoma, mtu anataka kujua nani anataka nini, nani anamzuia, na akishindwa atapoteza nini.

Mswada wako sijausoma, kwa hiyo nitabuni mfano unaofanana nao. Chukua muhtasari huu: "Korogwe, 1986. Zena, mjukuu wa manamba aliyeletwa kutoka Kigoma, anakuta kwenye mkebe wa marehemu babu yake vipande vya kazi (kadi za kibarua) vyenye jina la mtu mwingine. Baba yake mdogo, Hamisi, yuko mbioni kuiuza nyumba ya mzee. Ili auzuie uuzaji huo Zena lazima athibitishe babu alikuwa nani hasa, na kadiri anavyochimba ndivyo anavyokaribia kugundua kwamba mwenye haki na nyumba si yeye wala Hamisi, bali familia ya mtu aliyefia shambani, ambaye babu alichukua jina lake." Sasa mhariri ana la kusema kikaoni. Mtu wa mauzo anaona msomaji wa Tanga, wa Kigoma, mwalimu wa historia. Mapenzi na tamaa ya mali vyote vimo, na hakuna aliyevitaja.

Muhtasari kamili uwe ukurasa mmoja au miwili, uandikwe kwa wakati uliopo, na useme mwisho wa hadithi. Hapa watu hukwama sana. Wanaandika, "Je, Zena atafanikiwa? Soma ujue!" Maneno hayo ni ya jalada la nyuma, ambako unamwita mnunuzi. Mhariri anataka kujua kama umeweza kuifunga hadithi, kwa sababu miswada mingi hufa katika robo ya mwisho. Mwambie: Zena anavichoma vipande mbele ya Hamisi, au anakwenda Kigoma kuitafuta ile familia, vyovyote ulivyoandika. Hutamharibia utamu. Wahusika wasizidi wanne au watano kwa majina. Wengine waitwe "jirani", "mnyapara", "mwenyekiti wa kijiji".

Barua yenyewe iwe fupi, ukurasa mmoja. Mtaje mhariri au idara kwa jina kama limetolewa hadharani. Aya ya kwanza ni riwaya: kichwa, idadi ya maneno, sentensi mbili tatu za hadithi kama zile za Zena. Aya ya pili ni kwa nini umemchagua mchapishaji huyu, na hapo ni lazima uwe umevisoma vitabu vyake. Nyumba inayotoa vitabu vya kiada peke yake haitaanza riwaya kwa sababu yako. Aya ya tatu ni wewe: mwalimu, Korogwe, umeishi kandokando ya mashamba unayoyaandika. Hilo ni jambo la thamani, liseme bila kulipamba. Usiandike kwamba familia na marafiki wameipenda, wala kwamba itabadilisha jamii.

Kundi la WhatsApp je? Litaje, kwa uaminifu. Sema ni sura ngapi zilisambazwa na wanakikundi walikuwa wangapi. Mchapishaji mmoja ataona una wasomaji, mwingine ataona kitabu kimeshatoka bure. Vyovyote vile ni afadhali ajue kwako kuliko agundue. Na kuanzia leo acha kuongeza sura mpya humo. Tuzo nyingi za miswada hudai kazi ambayo haijachapishwa, na mstari kati ya "kusambaza" na "kuchapisha" si mahali pazuri pa kubishania.

Kuna jambo lingine kuhusu hadithi zilizokulia kwenye simu, nalo nimeliona mara nyingi mno kulinyamazia. Hadithi ya kundi huandikwa kwa vipande, na kila kipande hulazimika kumkumbusha msomaji wa jana alipoishia na kumwachia kiu ya kesho. Ikiunganishwa kuwa mswada, makovu yanabaki. Mhusika anaelezwa upya kila baada ya kurasa sita. Kila sura inaishia na mlango unaogongwa, simu inayoita au mtu anayezimia. Kwenye kundi hilo lilikuwa tamu, kwenye kitabu linachosha kufikia ukurasa wa 40. Pitia mswada wako ukitafuta kitu hicho peke yake. Sitashangaa ukipunguza kurasa 50 bila kugusa hadithi.

Na urefu wenyewe unatakiwa kupungua. Kama kurasa 412 ni za mistari yenye nafasi mbili, una maneno kati ya 90,000 na 100,000. Ukisoma ushauri wa Waingereza na Wamarekani utaambiwa riwaya ya kwanza ya watu wazima iwe maneno 80,000 hadi 100,000, ukafurahi. Lakini hesabu hiyo ni ya Kiingereza. Neno letu moja, "hawajatuambia", wao hulisema kwa maneno sita. Maneno 60,000 ya Kiswahili ni riwaya nene, na kila ukurasa unaozidi unampa sababu yule mtu wa fedha kutikisa kichwa.

Ukishapunguza, rudi kwenye kurasa kumi za mwanzo. Miswada isiyohesabika inafunguliwa na jogoo anayewika, jua linalochomoza na mhusika anayepiga miayo. Wengine hutanguliza historia ya kijiji, na hadithi inaanza ukurasa wa 19. Jaribu hivi: tafuta mahali pa kwanza ambapo mtu anataka kitu na anakataliwa, kisha ujiulize kitaharibika nini riwaya ikianzia hapo. Soma kwa sauti kurasa hizo. Sisi ni watu wa masikio. Sentensi inayokukwaza mdomoni itamkwaza mhariri machoni.

Lugha nayo ina neno lake. Hakuna anayetaka wahusika wako wazungumze kama taarifa ya habari. Mzee wa Kibondei na aongee kama mzee wa Kibondei, na kijana wa stendi aongee kistendi. Ila sauti ya msimuliaji inapochanganya "r" na "l", inapoandika "ana kwenda" badala ya "anakwenda", au "adi" badala ya "hadi", mhariri anaanza kuhesabu gharama ya kukusafisha. Kamusi iwe mezani. Mwombe mwalimu mwenzako wa Kiswahili, asiyekuogopa, aupitie kwa kalamu nyekundu.

Sura ya mswada ni jambo dogo: faili la Word, karatasi ya A4, Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita mbili na nusu, namba kila ukurasa, jina lako na simu kwenye ukurasa wa kwanza. Usiweke maua, picha ya jalada, wala rangi. Kama mchapishaji hajasema anataka nini, tuma barua, muhtasari na sura tatu za mwanzo; mswada wote utautuma ukiombwa. Lakini akisema anataka wote, tuma wote. Maelekezo yake yanashinda yangu.

Sasa hofu ya mumeo, ambayo naiheshimu. Hakimiliki inaanza pale unapoiandika kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 haikudai usajili kwanza ndipo ulindwe. Kusajili kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, au KECOBO kwa walioko Kenya, kunakupa ushahidi wa tarehe, na si vibaya kufanya. Ila sheria inalinda maandishi, hailindi wazo. Mtu mwingine anaweza kuandika riwaya kuhusu manamba na vipande vya kazi na asiwe amekuibia. Na kusema kweli, mchapishaji hana faida ya kuiba mswada ambao angeweza kuusaini kwa mkataba na kumlipa mwandishi kidogo kidogo baada ya mauzo. Hatari halisi ya wizi iko kwenye lile kundi la WhatsApp, ambako sura zako zinaweza kunakiliwa na jina lako likafutwa kwa kidole kimoja. Hifadhi rasimu zako zote na tarehe zake.

Tufike kwa mtu wa milioni 1.8. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayofanana, na watu wengi wamepoteza fedha katikati yake. Mchapaji ana mashine; unamlipa, anakupa nakala, mmemalizana. Mchapishaji hutia fedha yake kwenye kitabu chako, huhariri, husanifu, huuza, na hukulipa mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala inayouzwa. Anayekudai milioni 1.8 ni mchapaji, hata kama kadi yake imeandikwa vingine. Si lazima awe mwongo. Muulize nakala ngapi, karatasi ya uzito gani, nani anahariri, nakala zinakaa wapi na nani anazipeleka madukani. Kama jibu la mawili ya mwisho ni "wewe", basi unajichapishia mwenyewe, na ulinganishe bei hiyo na ya wachapaji wengine watatu.

Kujichapishia si aibu. Marehemu Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake, Heko, na riwaya zake zikasomwa nchi nzima. Unabaki na haki zako zote na faida yote, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) unaiomba mwenyewe kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na hakuna kikao cha kukukatalia. Lakini utauza wewe, kitabu kwa kitabu, na maboksi yatakaa sebuleni. Kwa mwalimu mwenye vipindi vingi na riwaya ambayo haijahaririwa, ningekushauri usianze na njia hiyo. Jaribu wachapishaji kwanza, na jaribu tuzo: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Zote hupokea miswada ya riwaya, na majaji wake wanasoma kwa ajili ya fasihi, bila kuwazia kitabu cha darasa la nne. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika.

Kwa yule aliyenyamaza miezi saba, mwandikie mistari minne: tarehe uliyotuma, kichwa cha riwaya, kwamba umeupunguza na kuusahihisha mswada, na kwamba unaomba kumtumia muhtasari mpya na sura tatu. Asipojibu kwa mwezi mmoja, peleka kwingine. Unaweza kupeleka kwa wachapishaji wawili watatu kwa pamoja mradi uwaambie, na mmoja akikubali uwaarifu wengine siku hiyo hiyo.

Kuna mahali ambapo ushauri wa maandishi kama huu haufai tena. Ukipewa mkataba, usiutie saini ofisini pale. Uliza mrabaha ni asilimia ngapi na ya bei ipi. Kitabu kikiuzwa 15,000 na mrabaha ukiwa asilimia 10 ya bei ya jalada, unapata 1,500. Ukiwa asilimia 10 ya kile mchapishaji anachopokea baada ya kumpunguzia muuza vitabu asilimia 30, unapata 1,050. Angalia pia haki za tafsiri, filamu na kitabu cha sauti ni za nani, na kitabu kikiisha sokoni haki zinakurudia lini. Hayo mpelekee wakili, ukiwa na mkataba mkononi. Ada ya saa moja ni ndogo kuliko majuto. Na kama umeshakataliwa mara tatu nne bila maelezo, tafuta mhariri wa kulipwa akae nawe juu ya sura mbili tatu, au waulize wenzako wa UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya, ambao wamepita njia hizi kwa miguu yao.

Kuhusu jina la kalamu: ndiyo, unaruhusiwa. Chini ya kichwa cha riwaya weka jina la kalamu, na kwenye barua, mkataba na usajili wa hakimiliki weka jina lako halisi kama lilivyo kwenye kitambulisho, ukieleza kwamba mtu ni mmoja. Kabla hujaliamua, litafute mtandaoni na madukani uone kama hakuna mwandishi mwingine anayelitumia.